Maswali ya Wasomaji: Reli ya Nakuru–Kisumu na Bonde la Nyando

Barua nyingi za toleo hili zimetujia kuhusu njia moja: reli ya mizigo inayotoka Nakuru, ikapanda Mau kupitia Njoro, Elburgon na Molo, halafu ikateremka na Bonde la Nyando hadi ziwani Kisumu. Barua zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja. Msomaji ataona mambo mawili yakijirudia karibu katika kila jibu, mteremko na maji, kwa sababu ndiyo yaliyoitengeneza njia hii na ndiyo yanayoisumbua hadi leo.

SWALI: Wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini reli hii iliitwa Reli ya Uganda ilhali ilianzia Mombasa ikaishia Kisumu. Na kwa nini ipite kwetu bondeni badala ya kuelekea Kampala moja kwa moja? — Mwalimu wa historia, Kipkelion

JIBU: Mwalimu, reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, ilikuwa imeshafika Uganda. Wakati huo mpaka wa Uganda ulikuja huku mashariki hadi maeneo ya Naivasha, kwa hiyo Nakuru, Londiani na Kisumu zote zilihesabiwa upande wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo wa mashariki ulihamishiwa himaya ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya. Mpaka ukasogea, jina likabaki. Waambie wanafunzi waweke ramani mbili kando kwa kando, ya kabla na ya baada ya 1902, wataelewa mara moja.

Kuhusu kupita bondeni, anzeni na mzigo. Kabla ya reli, bidhaa zilibebwa vichwani. Mpagazi mmoja alibeba ratili 65 hivi, yaani kilo 30 kasoro kidogo, na msafara ulichukua miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi ziwani. Behewa moja la tani 10 lilikuwa sawa na mizigo ya wapagazi zaidi ya 330. Lengo la wajenzi lilikuwa kulifikia ziwa kwa njia fupi kadiri ilivyowezekana, kwa sababu kutoka hapo meli ingefanya kazi iliyobaki bila gharama ya reli. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuingizwa majini mwaka 1900, reli yenyewe ikiwa bado njiani. Pamba ya Uganda ilipoanza kulimwa kwa wingi, ilivuka ziwa hadi Kisumu na kupandishwa treni kwenda Mombasa.

Sasa tazameni ardhi. Kilele cha Mau kiko mita 2,536 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134 hivi. Kati yake ni karibu mita 1,400 za kushuka, na sehemu kubwa ya mshuko huo inaishia Muhoroni, maana kutoka hapo hadi Kisumu ni uwanda wa Kano. Mto Nyando na vijito vyake ulikuwa umekwisha kuchimba njia katika ukuta huo. Mhandisi aliyefuata bonde alipata mwinamo ambao injini ingeuweza, lakini akalipia kwa madaraja, kwa sababu kila kijito kinachoingia Nyando kinapaswa kuvukwa. Kati ya Kilele cha Mau na ziwa yalijengwa madaraja marefu ya chuma 27, kazi iliyopewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Treni za kwanza zilipita kwenye njia za muda zilizozungushwa chini mabondeni huku madaraja yakisubiriwa. Ndiyo maana vitabu vinatofautiana kuhusu mwaka wa kukamilika: wengine wanahesabu siku reli ilipogusa ziwa, wengine siku kazi ya madaraja ilipokwisha.

Na msiwafundishe kwamba njia ilipita mahali patupu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ya reli nzima, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Upande wa kaskazini wa bonde ni nchi ya Wanandi, ambao waliipinga reli na utawala ulioandamana nayo kwa miaka mingi. Waya za simu na vyuma vya reli vilichukuliwa, stesheni zikashambuliwa. Upinzani huo ulivunjwa Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipouawa na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, katika mkutano ulioitwa wa amani. Historia ya reli isiyomtaja Koitalel ni nusu ya historia.

SWALI: Jina la Port Florence lilitoka wapi? — Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Kwa Florence Preston, mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Florence alifuatana na mumewe kambi kwa kambi na ndiye aliyepewa heshima ya kugongea reli ya mwisho ufukweni. Jina hilo halikudumu. Kisumu, jina la wenyeji, ndilo lililobaki.

SWALI: Shamba langu linapakana na reli. Treni ya mizigo ikipanda kutoka Muhoroni inapita polepole kama mtu anayetembea, na wakati wa mvua magurudumu yanazunguka bila kusogea. Mabehewa yenyewe si mengi. Je, injini ni mbovu? — Mkulima wa miwa, Koru

JIBU: Injini inaweza kuwa nzima kabisa, mzee. Tuipige hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza historia yote ya mizigo katika bonde hili.

Tuchukue mwinamo wa mita 1 kwa kila mita 50. Kila tani ya treni inairudisha injini nyuma kwa nguvu ya kilo 20 kutokana na mlima pekee. Ongeza kilo 3 hivi za msuguano wa magurudumu na beringi zake, na kilo 2 nyingine kwa sababu njia inajipinda, ubavu wa gurudumu ukisugua reli. Jumla ni kilo 25 kwa kila tani.

Injini yenye uzito wa tani 100, ekseli zake zote zikiwa zinaendeshwa, hushika reli kavu kwa nguvu ya robo hivi ya uzito wake, yaani tani 25. Gawanya kwa kilo 25, unapata treni ya tani 1,000, injini ikiwa ndani ya hesabu. Mvua ikinyesha, au umande wa alfajiri ukichanganyika na mafuta na majani yaliyopondwa, mshiko unashuka hadi asilimia 15 au chini. Injini ile ile sasa inavuta tani 600 tu, na ukiondoa uzito wake zinabaki 500. Hizo ni pamoja na uzito wa mabehewa yenyewe! Injini ina nguvu. Kinachokosekana ni mshiko wa chuma juu ya chuma.

Linganisha na uwanda wa Kano. Pale ambapo hakuna mlima wala kona kali, kilo 3 kwa tani zinatosha, na injini hiyo hiyo hata siku ya mvua ingeweza kwa hesabu kuvuta tani 5,000. Kwa hiyo treni iliyotoka Kisumu bila shida inaweza kushindwa kabisa baada ya Muhoroni. Mizigo ya njia nzima hupangwa kwa kipimo cha mahali pabaya kuliko pote.

Dawa zake zinajulikana. Ya kwanza ni mchanga: injini hubeba masanduku ya mchanga mkavu uliochekechwa, unaopulizwa kwa hewa mbele ya magurudumu. Mchanga ukilowa huganda bombani, na hiyo ni sababu ya kawaida ya treni kukwama siku ambayo mchanga unahitajika zaidi. Ya pili ni kuongeza injini nyingine. Ya tatu ni kuikata treni mara mbili: nusu inafungwa breki za mkono stesheni, nusu inapandishwa, injini inarudi kuchukua iliyobaki. Hii inakula saa nyingi na inaifunga njia, kwa sababu njia ni moja tu na treni hupishana stesheni pekee.

Kumbuka pia hewa. Karibu na Kilele cha Mau hewa ni pungufu kwa robo hivi ukilinganisha na pwani, na injini ya dizeli isiyosukumiwa hewa ya ziada hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Kushuka ndiko hatari zaidi kuliko kupanda. Treni ya tani 1,000 ikishuka mita 1,400 inaachia nishati inayolingana na yuniti 3,800 za umeme, na yote lazima iishie kwenye breki, injini na msuguano. Breki zikishikilia mfululizo, magurudumu yanapata moto, vibao vya breki vinalainika na kupoteza makali. Breki ya hewa ya bomba moja ina udhaifu mwingine: dereva akiishika na kuiachia mara kwa mara, hewa katika matangi ya mabehewa inaisha kabla haijajazwa tena. Kwa hiyo kanuni ya mteremko ni kusimama kileleni, kupima breki behewa kwa behewa, kisha kuanza polepole. Kasi ikizidi mwanzoni, haidhibitiki tena njiani.

SWALI: Zamani Kisumu ilikuwa bandari ya mizigo ya Uganda. Nani aliiua? Wengine wanasema ni malori, wengine siasa. — Mfanyabiashara, Kibuye

JIBU: Kisumu ilianza kupoteza mizigo kabla lori halijawa na nguvu. Miaka ya 1920 reli nyingine ilijengwa kutoka karibu na Nakuru kupitia Timboroa hadi Eldoret, ikaendelea hadi Uganda, na mwaka 1931 ikafika Kampala baada ya kuvuka Nile kwa daraja la Jinja. Tangu siku hiyo mzigo wa Kampala haukuhitaji kushushwa treni, kupandishwa meli na kushushwa tena. Kila mara mzigo unapobadilishwa chombo unalipiwa, unachelewa, na sehemu yake huharibika au huibwa. Njia ya Kisumu, iliyokuwa reli kuu, ikageuka tawi. Hili ndilo pigo kubwa kuliko yote, na linasahaulika kwa sababu lilikuja kimyakimya.

Bonde halikufa, kwa sababu lilikuwa na mzigo wake. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza miaka ya 1920, kisha vikafuata Muhoroni na Chemelil miaka ya 1960. Sukari, molasi, chokaa ya Koru, mbolea na mafuta vilitosha kuishughulisha njia. Na miaka hiyo hiyo ya 1960 jibu la tatizo la kubadilisha chombo lilipatikana: meli zenye reli sakafuni. Uhuru na Umoja zilibeba mabehewa yenyewe, mzigo ukiwa ndani. Upakiaji wake unahitaji uangalifu. Mabehewa hayajazwi upande mmoja kwanza. Yanaingizwa kwa zamu kushoto na kulia ili meli isiiname, na mazito hupangwa karibu na katikati. Daraja la kuunganisha gati na meli lazima liweze kupanda na kushuka pamoja na maji. Ziwa likipanda sana, kama mwaka 2020, au magugu maji yakiziba bandari, kazi yote inasimama hata kama reli ni nzima.

Baadaye mapigo yalikuja mfululizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanywa; Kenya ikaunda lake, Shirika la Reli la Kenya, mwaka uliofuata. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifika Eldoret na Kisumu, na mzigo wa mafuta, uliokuwa wa uhakika kila wiki, ukahama reli. Mwaka 2005 meli ya Uganda iitwayo Kaabalega ilizama baada ya kugongana na mwenzake Kaawa. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikodishwa kwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, ambao ulivunjwa 2017. Katika kipindi chote hicho matengenezo yalipungua, na reli isiyotengenezwa hulazimisha kasi ndogo, kasi ndogo hufukuza mizigo, mizigo ikiondoka hakuna fedha za kutengeneza. Malori yaliokota kilichokuwa kimeshaanguka.

Meli ya Uhuru ilirudi kazini 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka kumi. Njia ya Nakuru–Kisumu, kilomita 217 hivi, ilifufuliwa na Shirika la Reli kwa msaada wa vijana wa NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) na wanajeshi, na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021. Kwa maoni yetu, njia hii itaishi kwa mizigo ya ziwani na ya viwanda vya bondeni. Abiria ni baraka, lakini hawawezi peke yao kulipia madaraja 27.

SWALI: Kila masika maji yanapita chini ya reli hapa kwetu na kuacha vyuma vikining'inia hewani. Wanajaza udongo, mwaka unaofuata ni yale yale. Kosa liko wapi? — Mama mwenye duka, Miwani

JIBU: Kosa, mama, huwa liko katika hilo neno udongo.

Kati ya Kibigori na Kibos reli inapita chini ya ukingo wa milima ya Nandi, na makorongo yanaikata njia kwa upande. Maji yanashuka kwa kasi, yanafika tambarare, yanapunguza mwendo na kutua mchanga na takataka pale pale kwenye mdomo wa kalvati, yaani mfereji unaopitisha maji chini ya reli. Kalvati likiziba nusu, tuta la reli linakuwa bwawa. Maji yanapanda, yanapita juu, na kule yanakoangukia yanachimba shimo linalokula tuta kwa nyuma. Juu ya hayo, udongo mweusi wa Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tuta lililojengwa kwa udongo huo halitulii.

Ukarabati unaodumu una utaratibu wake, na ukirukwa hatua moja kazi yote ni bure. Chukua pengo la mita 40 katika tuta lenye kimo cha mita 2, upana wa mita 5 juu na 11 chini. Linahitaji mita za ujazo 640 za kujazia, au safari 70 hivi za tipa ya mita 9. Chini kabisa yawekwe mawe makubwa, siyo udongo, ili maji yanayobaki yapite bila kubeba kitu. Kalvati liwe kubwa kuliko lililobebwa, maana mafuriko yameshaonyesha kwamba lile la kwanza halikutosha, na mdomo wake wa kutokea ujengewe sakafu ya mawe. Kisha murram imwagwe kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ishindiliwe kabla ya nyingine. Wanaomwaga mita 2 kwa mkupuo na kushindilia juu tu ndio wanaorudi mwaka unaofuata. Kokoto zije juu ya murram, sentimita 20 hadi 25 chini ya mataruma, yaani nguzo zinazolazwa kukingama chini ya reli. Pengo hilo litakula kokoto mita za ujazo 40 hadi 50 na mataruma karibu 60. Kokoto zikikaa moja kwa moja juu ya udongo mweusi, kila treni ikipita inaupampu udongo juu kama uji, na baada ya miezi michache hakuna tena kokoto, kuna matope.

Mwisho upana upimwe kwa fito ya chuma: milimita 1,000 kati ya reli na reli, pakiongezwa kidogo kwenye kona kali. Treni ya kwanza ipite kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, tuta likaguliwe, kokoto zishindiliwe tena chini ya mataruma, ndipo kasi ipandishwe hatua kwa hatua.

Majirani wana sehemu yao. Mabaki ya miwa yanayotupwa mitaroni ndiyo yanayoziba kalvati, na kulima hadi ukingoni mwa reli kunaulegeza udongo unaobebwa na mvua ya kwanza. Mitaro ifunguliwe Februari, kabla ya masika. Aprili mmechelewa.

SWALI: Nataka kusafirisha mahindi kwa treni badala ya lori. Niangalie nini? — Mkulima, Njoro

JIBU: Kwanza uzito. Behewa la ekseli nne kwenye njia inayoruhusu tani 14 kwa ekseli lina kikomo cha tani 56. Likiwa na uzito wake wa tani 16, linabeba tani 40, yaani magunia 444 ya kilo 90. Njia ikiruhusu tani 12 tu, unapoteza tani 8 kwa behewa lile lile. Uliza kikomo cha njia yote, siyo cha stesheni yako.

Pili unyevu. Mahindi yasizidi asilimia 13.5. Behewa la chuma linapata joto mchana Nakuru na baridi kali usiku Molo. Mvuke unageuka matone darini na kudondokea magunia ya juu. Panga magunia juu ya mbao, acha nafasi ya kiganja kando ya kuta, na kagua paa kwa kujifungia ndani mchana: ukiona mwanga, mvua nayo imeona njia.

Tatu umbali. Kama mahindi yatapakiwa lori shambani, treni Njoro, kisha lori tena mwishoni, umelipia wapakiaji mara tatu. Kwa safari fupi lori litakushinda. Reli inaanza kukufaa pale mnunuzi ana njia ya reli hadi ghalani, au mkiwa wakulima wengi mnaojaza mabehewa kadhaa kwa siku moja. Na ukipata kontena linalopitia Naivasha kwenda Mombasa, kumbuka reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo behewa lako haliendelei. Kontena linanyanyuliwa kwa kreni. Mzigo wa magunia yasiyo ndani ya kontena utapakuliwa wote pale.

SWALI: Kuna maandishi ubavuni mwa reli ya zamani hapa stesheni. Yanamaanisha nini? Na mtu akiwa ndani ya treni anaweza kujua kasi yake bila simu? — Mwanafunzi, Molo

JIBU: Maandishi yale yalichapwa chuma kikiwa bado cha moto. Kwa kawaida utakuta jina la kiwanda, mwaka, na uzito wa reli. Nambari 50 ina maana ya ratili 50 kwa yadi, sawa na kilo 24.8 kwa mita, ndiyo iliyotumika reli ilipojengwa. Ukikuta 80 ni kilo 39.7 kwa mita, reli ya baadaye iliyowekwa kwa ajili ya injini nzito. Mwaka ulioandikwa ni wa kutengenezwa, siyo wa kuwekwa hapo. Reli nyingi zilianza kazi kwingine zikahamishiwa matawi. Soma kutoka kando, na usisimame njiani.

Kasi unaipata kwa masikio. Gurudumu likivuka maungio ya reli hugonga. Kama reli zina futi 40, hesabu mapigo hayo ya upande mmoja kwa sekunde 44: idadi yake ndiyo kilomita kwa saa. Kwa reli za futi 30 hesabu kwa sekunde 33. Mahali reli zimechomelewa pamoja hutasikia mapigo, subiri hadi ufike penye maungio.